Daktari wa Nguruwe Walionona

Siku Jairo Simbeye alipogundua kwamba yeye ni daktari wa mifugo, alikuwa amekaa kwenye kibanda cha kitimoto nyuma ya stendi ya Tunduma, mbele ya sahani ya ndizi za kuchoma, pilipili, chumvi, na nyama hakuna.

"Nyama iko wapi?" aliuliza.

"Imepanda," mchomaji akajibu bila kugeuka.

"Imepanda wapi? Mtini?"

"Bei, kaka. Homa ya nguruwe imeingia wilaya ya jirani. Hakuna mzigo unaovuka. Nikipata nguruwe leo, nakula mimi, au namuuza kwa mtu mwenye heshima zake."

Jairo aliikubali ile "mwenye heshima zake" bila kinyongo. Alikuwa akijijua. Yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba ujanja anao, ila ujanja wake hauna bahati. Saza, kwenye machimbo, aliwahi kuuza mashine ya kutambua dhahabu, ambayo kusema kweli ilikuwa redio iliyong'olewa spika. Wachimbaji waliigundua mashine kabla mashine haijagundua dhahabu, na Jairo akatoka Saza kupitia porini, viatu vikibaki kama kumbukumbu.

Lakini tusimcheke sana. Sisi watu wa Tunduma tunajiona wajanja kuliko taifa zima kwa sababu tunanywa chai Tanzania na kuomba chumvi Zambia. Tunamsalimia Mzambia "mulishani", tunambadilishia kwacha zake huku tukitabasamu, kisha jioni tunarudi nyumbani na simu mpya kabisa ambayo ndani ina kipande cha kigae. Mjini hapa kila mtu ni mwindaji, na kila mtu ana manyoya.

Jairo akiwa anatafuna ndizi yake ya huzuni, gari jeupe likasimama ng'ambo ya barabara. Akashuka mwanamke mwenye koti jeupe na gambuti zilizojaa tope. Mzee mmoja aliyekuwa na nguruwe ndani ya tenga la baiskeli alivua kofia. Mwanamke akauliza, mzee akajibu, "Ndiyo, daktari." Akaulizwa tena, "Hapana, daktari." Akaambiwa amrudishe nguruwe alikotoka, naye akageuza baiskeli bila kunung'unika.

Jairo aliacha kutafuna. Hakuna aliyemwomba yule mama kitambulisho! Watu wakishaogopa, koti ndilo kitambulisho.

*

Kesho yake asubuhi aliingia kwenye duka la dawa la Mwasiti, mwanamke wa Kigoma aliyefika Tunduma na mume dereva na akabaki bila mume wala dereva, lakini na duka.

"Dada Mwasiti, una vile vipimo vya mimba vya kijiti?"

"Kimoja?"

"Boksi."

Mwasiti alivua miwani. "Jairo. Boksi zima? Umewafanyia nini watoto wa watu?"

"Si hivyo, dada. Ni kazi ya kitaalamu."

"Ndiyo hiyohiyo ninayoisema."

Ikabidi Jairo amnong'oneze. Mwasiti alimsikiliza mpaka mwisho, akarudi nyuma hatua moja kama vile nguruwe mwenyewe amepanda kaunta.

"Astaghfirullah! Mimi kwenye mambo ya nguruwe simo. Mimi nauza vipimo vya mimba, unampima nani ni juu yako na Mungu wako. Hili boksi linakaribia kuisha muda, nakupunguzia. Unachovya hapa, usipite hapa. Mstari mmoja, hakuna kitu. Mistari miwili, unampa mtu hongera."

Koti jeupe alilipata mnadani, la fundi rangi wa zamani, lenye doa la kijani mfukoni ambalo kwa mbali lilifanana na dawa. Gambuti aliazima. Elimu aliipata bure: alisimama mbele ya bango la tahadhari lililobandikwa kwenye ofisi ya kata, akalisoma mpaka likamkaa kichwani kama wimbo. Homa kali. Kukosa hamu ya kula. Kurundikana pamoja. Masikio na tumbo kuwa mekundu mpaka zambarau. Damu puani. Hakuna tiba, hakuna chanjo. Binadamu haambukizwi. Usilishe nguruwe makombo yenye nyama ya nguruwe. Hata koma za bango alizijua.

Ilibaki gari. Gari lilikuwa la binamu yake Lusungu, kirikuu ya kijani isiyopenda milima. Lusungu alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye uso wa mtu aliyetoka kubatizwa saa hiyohiyo. Kwa kazi ya utapeli uso ule ulikuwa mtaji. Tatizo ni kwamba moyo wake nao ulifanana na uso.

"Mimi natangulia," Jairo alimweleza. "Napima. Nakuta ugonjwa. Mfugaji analia. Wewe unapita kama kwa bahati, unanunua nguruwe wagonjwa wa kiwanda cha sabuni. Bei ya sabuni. Tunashuka nao Tunduma, bei ya kitimoto."

Lusungu alifikiri kwa muda. "Na wao watakuwa wagonjwa kweli?"

"Hapana! Wazima kabisa."

"Sasa kwa nini walie?"

"Lusungu, wewe endesha gari."

*

Walianzia kijiji kimoja cha juu, huko Mbozi, kwenye mashamba ya kahawa. Sikitaji jina kwa sababu watu wake wana kumbukumbu ndefu na mimi bado napita huko.

Wa kwanza kupimiwa alikuwa Mama Andongwisye, mjane aliyekuwa na nguruwe wanne. Jairo alimwamkia shikamoo, akakataa kiti, akaingia bandani akiwa ameshika kopo na kijiti. Nguruwe alipokojoa, akakinga. Akachovya. Mstari mmoja ukajitokeza, kama unavyojitokeza kwa kila mkojo wa kila kiumbe kisicho na mimba kati ya hapa na Kapiri Mposhi.

Jairo alivua kofia. "Mama, pole sana."

"Yesu wangu! Ni yenyewe?"

"Ni yenyewe. Huu mstari ndio virusi wenyewe, wamejipanga."

Ili aaminike, ilibidi wengine wawe wazima. Hao aliwachovyea kijiti upande usiotakiwa, mstari usitokee. Kwa hiyo ugonjwa wa Jairo ulikuwa na tabia ambayo vitabu vya tiba havijaieleza: uliwashika walionona tu. Mama Andongwisye alibaki na kinguruwe kimoja kilichokonda, kikitangazwa kuwa na afya njema, na Lusungu, aliyepita kwa bahati, akachukua wale watatu.

"Ndaga, mwanangu," mama alimwambia Jairo akimshika mikono yote miwili. "Ndaga fijo. Bila wewe wangenifia wote."

Walipofika Mlowo, Lusungu akasema, "Ametushukuru."

"Nimesikia."

"Afadhali angetutukana."

Jairo alitazama nje. Na yeye kidogo alikuwa na wazo hilohilo, lakini mchomaji wa nyuma ya stendi aliwapokea wale nguruwe kama wageni wa harusi, na wazo likapita. Walirudi mlimani mara nyingine, kwa wafugaji wengine, na kila mara walishuka na mzigo. Jairo akaanza kutembea kidaktari, mikono nyuma. Akaanza kukohoa kabla ya kuongea. Siku moja mtaani kwao, huko Mpemba, jirani alilalamika mgongo, na Jairo akajikuta anamuuliza kama anakula vizuri na kama amejitenga na kundi.

Kwa dada yake Ruti, ambako alikuwa akiishi kwenye chumba cha uani, hakusema chochote kuhusu udaktari. Ruti alikuwa na nguruwe wake, majike mawili makubwa aliyoyapenda kuliko ndugu, na kila jioni alizunguka vibanda vya kitimoto na ndoo akikusanya makombo ya kuyalisha. Ada za watoto, mabati ya nyumba, hata kitanda alicholalia Jairo, vyote vilitoka kwenye majike yale. Jairo alimwambia anauza sabuni.

*

Habari za daktari asiyetoza hela ya kupima zilimfikia Mzee Zabron kabla daktari mwenyewe hajafika. Zabron ndiye aliyekuwa na mabanda makubwa kuliko wote pale kijijini, ya matofali, yenye maji ya bomba. Alikuwa mzee wa kanisa, mnunuzi wa kahawa mbichi ikiwa bado mtini, na mtu ambaye ukimwazima jembe anakurudishia mpini. Alimtumia Jairo ujumbe kwamba anamhitaji, na haraka.

Jairo hakulala vizuri kwa furaha. "Mtu kama huyo," alimwambia Lusungu, "ukimla, Mungu mwenyewe anageuka upande asione."

Zabron aliwapokea kwa chai ya maziwa na viazi vikuu. Alimwita Jairo "daktari" mara nyingi kuliko ilivyolazimu. Kisha akampeleka kwenye banda la mbele, ambako nguruwe wazuri, wapana, walikuwa wamelala wamebanana kwenye kona moja.

"Wamelala mapema," Jairo alisema.

"Wameshiba," Zabron alijibu.

"Na lile banda la nyuma, mbona limezibwa kwa turubai?"

"Mbolea hiyo, daktari. Inanuka. Usijichoshe."

Jairo hakujichosha. Alikinga, akachovya, akatikisa kichwa. Wakati huo alikuwa amesimama mlangoni mkwewe Zabron, binti aitwaye Angel, mwenye mtoto mgongoni. Alikitazama kile kijiti kwa makini sana.

"Samahani, daktari. Hicho kinapima nguruwe?"

"Cha kisasa kabisa, mama."

"Mimi kilinipimia huyu." Akageuza mgongo, mtoto akamtazama Jairo.

Jairo alikohoa kidaktari, akakohoa tena.

"Kampuni ni moja, mama. Si unaona kiwanda kinachotengeneza sabuni ya kuogea ndicho kinatengeneza ya kufulia?"

Angel alifungua mdomo, lakini Zabron akamwahi kwa sauti kali. "Angel! Nenda jikoni. Usimfundishe daktari kazi yake." Kisha akamgeukia Jairo kwa upole. "Msamehe, baba. Watoto wa siku hizi. Haya, niambie. Wanaumwa?"

"Wanaumwa, mzee. Pole sana. Wote."

Hapa ndipo mfugaji hulia. Zabron hakulia. Alisema, "Mungu ni mwema," akajirekebisha haraka, "nasema, Mungu ndiye ajuaye. Na yule bwana wa sabuni yuko wapi?"

"Huwa anapitapita..."

"Apite sasa hivi."

Lusungu akapita. Zabron aliomba bei, Lusungu akapunguza, Zabron akakubali. Jairo, aliyekuwa amejiandaa kwa mabishano ya nusu siku, aliona jambo hilo kama ushahidi wa kipaji chake. Mzee alitaka vitu viwili tu: alipwe taslimu palepale, na mzigo uondoke kabla watu hawajatoka kanisani. Alisaidia kupakia kwa mikono yake mwenyewe. Nguruwe waliobaki chini akawasukuma juu kwa bega, akafunga turubai, akapiga bodi ya kirikuu kofi mbili kama mtu anayeaga ng'ombe mbaya.

Kila shilingi Jairo aliyoipata kwa Mama Andongwisye na wenzake, na nyingine aliyokopa, iliingia mfukoni mwa Zabron. Alipanda gari akiimba.

*

Walikuwa wamepita Vwawa, wakiteremka kuelekea Mpemba, Lusungu aliposema, "Huko nyuma kumetulia."

"Wameshiba."

"Nguruwe hawatulii hivi garini."

Wakasimama pembeni mwa barabara, karibu na foleni ya malori. Jairo alifungua turubai, akalifunga, akalifungua tena kana kwamba mara ya pili ingekuwa tofauti. Mmoja alikuwa amekufa. Mwingine alikuwa anapumua kama kiriba kilichotoboka, damu nyembamba ikimtoka puani. Masikio ya wote yalikuwa zambarau, tena zambarau nzuri, ya kanga mpya. Bango lote la ofisi ya kata lilimpita Jairo kichwani, mstari kwa mstari, na koma zake.

"Lusungu," alisema taratibu. "Hawa wanaumwa."

"Si ulisema wanaumwa?"

"Nilisema. Lakini sikumaanisha!"

Akampigia Zabron simu. Zabron akapokea mara moja, nyuma yake kukiwa na kwaya.

"Mzee! Nguruwe wako wana homa ya nguruwe!"

"Daktari," Zabron alijibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuzihesabu fedha zake, "asubuhi uliniambia wana homa ya nguruwe. Nikakuamini. Sasa unanipigia kuniambia nini? Kwamba wana homa ya nguruwe?"

"Lakini ulijua! Lile banda la nyuma..."

"Mimi najua nini, baba? Mimi mkulima. Daktari ni wewe. Nisalimie bwana wa sabuni." Simu ikakatika katikati ya ubeti.

Jairo alikaa chini, kwenye nyasi, na koti lake jeupe. Alielewa sasa kwa nini Angel alifukuziwa jikoni. Zabron alikuwa na nguruwe wanaokufa, na serikali ikija ingewachoma wote bila kumlipa senti. Alihitaji mpumbavu. Mpumbavu akaja mwenyewe, na koti la fundi rangi, tena akataka kulipa.

"Mimi ndiye mtu wa kwanza duniani," Jairo alisema, "kudanganywa kwa uongo wake mwenyewe."

Simu ikalia. Ilikuwa mchomaji. Ana wateja, mzigo uko wapi? Jairo akamweleza kwa mkato kwamba mzigo umechoka, mwingine umekufa.

"Wachinjeni upesi hao wanaopumua," mchomaji akasema. "Moto unaua kila kitu, na hiyo homa haimpati mtu. Leteni wote. Nalipa bei ileile."

Bei ileile. Jairo alisimama, akapangusa suruali. Ilikuwa kweli kwamba ugonjwa haumpati mtu. Bango lilisema hivyo. Hakuna mlaji angeumwa. Fedha zake zingerudi zote na ziada juu yake. Alishika mlango wa gari, halafu akabaki ameushika.

"Unangoja nini?" Lusungu akauliza.

"Mifupa inakwenda wapi?"

"Mifupa gani?"

"Ya kibandani. Makombo."

Lusungu akafikiri, kama kawaida yake. Kisha uso wake wa ubatizo ukabadilika rangi. "Kwa dada Ruti."

"Kwenye ndoo ya Ruti. Leo jioni. Na ndoo za wenzake, Mpemba nzima."

Jairo aliyaona yale majike mawili yamelala kwenye kona, masikio zambarau. Alimwona Ruti amepiga magoti kwenye banda. Angeweza kumwambia asichukue makombo, kweli, lakini Ruti angeuliza kwa nini, na hata kama asingeuliza, kulikuwa na akina Ruti wengi. Alitukana, kwa Kinyiha, kisha kwa Kibemba, kisha akarudi Kiswahili kwa sababu kilikuwa na nafasi zaidi.

"Basi tumpigie daktari," Lusungu alisema.

"Daktari gani?"

"Wa kweli."

*

Simu haikuhitajika: kizuizi cha mifugo, kilichowekwa siku hiyohiyo, kilikuwa mbele kidogo. Aliyesimama pale ni yuleyule mwanamke wa gambuti zenye tope, na jina lake, lililoandikwa kifuani, lilikuwa Daktari Ipyana. Alitazama kirikuu, akalitazama koti la Jairo, doa la kijani na yote.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni mtu wa sabuni," Jairo alisema haraka.

"Mtu wa sabuni ni mimi," Lusungu akasema. "Huyu ndiye daktari."

Daktari Ipyana hakucheka. Alivaa glavu, akapanda garini, akashika masikio, akapima homa ya mmoja wa waliokuwa bado wanapumua, akatoa damu kwa sindano. Nyingine akaitia kwenye chupa ndogo ya kupelekwa maabara. Tone moja akalidondosha kwenye kipimo chake mwenyewe, kibao kidogo cheupe cha plastiki. Wakangoja wote watatu, vichwa vikikaribia kugongana.

Mstari wa kwanza ukatokea. Kisha, polepole, wa pili.

"Miwili!" Jairo aliropoka. "Hongera."

Daktari Ipyana aliinua macho. "Umesema nini?"

"Hapana. Pole."

"Wewe umekuwa ukipima nguruwe wa watu kwa kitu gani?"

Lusungu akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti la Jairo na kumpa Daktari Ipyana kijiti. Alikisoma mbele na nyuma. Alikaa kwenye ngazi ya gari, akaweka kichwa mikononi, mabega yakamtetemeka. Jairo alidhani analia. Alipoinua uso alikuwa amecheka mpaka machozi, lakini sauti ilipotoka haikuwa na kicheko.

"Wiki nzima nauliza ugonjwa uko wapi kule juu. Kila mtu anasema, 'Sisi tumeshapimwa na daktari.' Kila nyumba! Wananifungia mlango kwa sababu yako. Umetembea na gambuti hizo banda kwa banda, ukiubeba ugonjwa?"

Hilo Jairo hakuwa amelifikiria. Alizitazama gambuti zake za kuazima, na kwa mara ya kwanza aliona aibu ambayo haikuwa na mzaha ndani yake.

"Nimebeba," alisema.

"Basi utanionyesha kila banda ulilokanyaga. Halafu polisi. Lakini kwanza, shika sepetu."

Wakachimba shimo, Jairo na Lusungu, refu na la kina, jua likiwachoma mgongoni. Nguruwe waliuawa, wakafukiwa kwa chokaa. Kirikuu ikapigwa dawa mpaka rangi yake ya kijani ikapauka.

*

Mkutano wa kijiji ulifanyika uwanja wa shule. Jairo alisimamishwa mbele, polisi pembeni, Daktari Ipyana nyuma yake. Kazi yake ilikuwa moja: kusema kweli, ili watu wafungue mabanda. Alikuwa amesema mengi maishani, lakini hilo hakuwa na mazoezi nalo.

"Ndugu zangu," alianza, "mimi si daktari."

Kukawa na mnong'ono. Mzee mmoja akamwambia jirani yake, kwa sauti ya watu wote, "Unaona wasomi wa kweli? Hawajikwezi."

"Hapana, wazee wangu. Sikusoma. Mimi ni tapeli. Vile vilikuwa vipimo vya mimba."

"Ananyenyekea tu," akasema mwingine. "Yule wa wilayani hata shikamoo hatoi."

Daktari Ipyana alitazama mbingu. Jairo alivua koti, akalitupa chini, akaanza upya. Aliwaambia alichokiona garini: masikio, damu, pumzi. Aliwaambia yale ya bango, mstari kwa mstari, na safari hii aliyamaanisha. Aliwaambia wasiuze, wasichinje, wasihamishe, wasifiche. Hapo ndipo Angel aliposimama katikati ya akina mama, mtoto mgongoni.

"Ni kweli ni tapeli," alisema. "Na ni kweli nguruwe wanakufa. Banda letu la nyuma si mbolea."

Zabron aliyekuwa mstari wa mbele alianza kukohoa, na kikohozi chake hakikuwa cha kidaktari. Mabanda yakafunguliwa siku ileile. La Zabron likamalizwa lote. Matatu mengine yalikuwa yameguswa, na mawili kati ya hayo Jairo alikuwa ameyakanyaga yeye. Hakuna aliyejua kama ni gambuti zake au upepo wa bahati mbaya, naye hakuomba ahakikishiwe. Mengi yaliyobaki yalipona kwa sababu yaliwahiwa.

Mahakama iliwapiga faini wote wawili, Jairo na Zabron. Zabron alilipa kwa fedha za Jairo. Jairo alilipa kwa kuuza kila alichokuwa nacho na kukaa ndani kwa kile kilichopungua. Mama Andongwisye na wenzake wanamdai mpaka leo, na siku moja moja anapanda mlimani kuwalimia kahawa, wakimsimamia kwa karibu sana.

Siku alipotoka alikwenda moja kwa moja Mpemba kwa dada yake. Ruti alikuwa amesikia yote, kwa namna ambayo Mpemba husikia. Alikuwa amesimama langoni, na lango lilikuwa limefungwa.

"Dada, nimerudi."

"Nakuona. Simama hapohapo. Vua viatu."

"Ruti, mimi ndugu yako! Nimepoteza mtaji kwa ajili ya majike yako!"

"Nimesikia, na ahsante. Vua na shati."

Akamrushia ndoo ya maji ya dawa na kipande cha sabuni. Viatu vikatiwa moto mbele ya macho yake. Jairo akaoga uchochoroni, majirani wakimpa pole na watoto wakimpa ushauri. Alipomaliza, akiwa amevaa kanga ya Ruti iliyorushwa juu ya ua, akasogelea lango akitabasamu. Lango halikufunguka.

"Dada, sasa mimi mzima."

"Nani amekupima?"

Ruti alimpitishia sahani ya ugali na maharage chini ya lango. Jairo akakaa kwenye jiwe, nje ya ua, akala, huku majike mawili yenye afya njema yakimtazama kutoka ndani.